Kiwanuka Siyo Askofu, Mwana

Oya, fanya jaribio hili, ni bure kabisa. Ingia nyumba yoyote Kashai au Hamugembe pale Bukoba, au panda Hiace mpaka Muleba mjini, utafute mzee mwenye redio na kikombe cha kahawa. Mwambie: "Shikamoo babu. Siku hizi namsikiliza Kiwanuka tu." Atashusha kikombe. Atakunja sura ya hekima. Halafu swali, lile lile, nyumba zote:

"Askofu?"

Hapana, babu. Siyo askofu.

Umechelewa lakini. Mzee wa Kihaya ukishamfungulia somo, halifungwi. Utaelezwa kwamba Joseph Kiwanuka aliwekwa wakfu mwaka 1939, akawa askofu wa Masaka, mweusi wa kwanza kwa Wakatoliki wa zama hizi. Utaelezwa kwamba Rugambwa wetu, mtoto wa Kamachumu, alivuka kwenda kusoma seminari ya Katigondo huko huko Masaka, akarudi, akawa askofu pale Rutabo 1952, na 1960 akatusua ukardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza. Nshomile, yale majivuno ya usomi, imewashwa, swichi haionekani. Ukija kutoka hapo jua limezama, ngoma hujaisikiliza, na umebebeshwa mkungu wa ndizi umpelekee shangazi.

Sasa kaa hapa, nikupe Kiwanuka wa mtaa.

Anaitwa Michael. Kazaliwa London 1987, kitaa kinaitwa Muswell Hill, kaskazini mwa jiji. Wazazi ni Waganda waliotoroka enzi za Amin. Ana afro, ana gitaa, ana sauti kama kahawa ya Kamachumu isiyo na sukari: chungu, nzito, na unaongeza kikombe. Anaimba soul. Siyo ile soul ya mjomba anayefunga macho kwenye harusi na kuharibu wimbo wa Lionel Richie. Soul ya ukweli, yenye besi inayotembea na vinanda vya kulia nyuma.

Kwa mtu wa Kagera huyu jamaa hasikilizwi kama msanii wa mbali. Yule Amin aliyefanya familia za Waganda zikafungasha mpaka Uingereza ndiye aliyetuma jeshi likavuka mpaka wetu mwishoni mwa Oktoba 1978, likachoma nyumba, likaiba ng'ombe, likalivunja daraja la Kyaka. Yaani mtu mmoja mwenye medali nyingi kuliko akili alisababisha kijana azaliwe Muswell Hill, na bibi yako wa Missenyi alale migombani. Hawa wawili hawajawahi kuonana lakini kesi yao ni moja.

Wazee hapa watakudaka tena, jiandae. Vita vya Kagera kila mzee alipigana. Kila mmoja alikuwa mstari wa mbele, kila mmoja aliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 akiwa wa kwanza. Ukijumlisha hadithi zote za vijiwe vya kahawa vya Bukoba, jeshi letu lilikuwa kubwa kuliko la Wasovieti. Mwingine ukimpigia hesabu alikuwa darasa la pili. Kausha tu, mwongezee kahawa.

Turudi kwa mwana. Muswell Hill si ghetto, usidanganywe na afro. Ni kitaa cha Wazungu wenye bustani. Dogo akakua anasikiliza Nirvana na Radiohead, gitaa begani, huku akiwa mweusi wa kuhesabika. Mpaka alipokutana na Jimi Hendrix: mweusi, afro, gitaa. Akaelewa kumbe hii kitu inaruhusiwa. Akaanza chini kabisa, mpiga gitaa wa kukodiwa, anasimama nyuma ya rapa Chipmunk wakati taa zote ziko kwa rapa. Watu wa bendi mnaijua hiyo nafasi. Ukikosea unaonekana, ukipatia hujulikani.

Halafu 2011 akapewa kazi ya kufungua shoo za Adele. Adele wa 2011, mwana! Mwaka wa ile albamu ya 21, dunia nzima ilipolia kwa kuachwa hata wale ambao hawakuwahi kupendwa. Mwaka mpya umeanza tu, Januari 2012, BBC wakamtaja kinara wa orodha yao ya Sound of 2012, ile ya kutabiri nani atatoboa. Machi 2012 albamu ya kwanza ikatoka, Home Again. Tulivu, safi, ya kusikiliza mvua ikinyesha. Na Bukoba mvua tunayo ya kuuza.

Sasa sikia uhuni. Baada ya pale Kanye West akamwita Hawaii, studio, kwenye kazi za albamu. Kanye! Mwana akaenda, akakaa, akaona haelewi anafanya nini pale, hajiamini, hana la kuchangia. Akaondoka bila hata kuaga. Wewe ungeondoka? Wewe ambaye msanii wa mkoa akikufollow unaweka skrinshoti kwenye status siku tatu mfululizo? Mwenzako kamwacha Kanye ufukweni, karudi kwao kujifungia na mashaka yake.

Mashaka yakazaa albamu. Love & Hate, 2016, prodyuza Danger Mouse na Inflo, ikakamata namba moja Uingereza. Ndani yake kuna Cold Little Heart, ngoma ya karibu dakika 10. Kumi! Na mwana hafungui mdomo mpaka zimekatika kama tano. Ni vinanda tu, kwaya inanong'ona, gitaa linalia. Jaribu kumpelekea DJ wa Bukoba wimbo ambao mtu anaanza kuimba dakika ya tano. Dakika tano yeye kashabadilisha ngoma nne, kapiga honi za king'ora mara saba, na kawasalimia wana wa Rwamishenye, wana wa Kashura na mtu aliyepaki vibaya. 2017 wale wa HBO wakaikata kipande, wakaibandika mwanzo wa tamthilia ya Big Little Lies, na ghafla kina mama wa Marekani wakawa wanaijua. Mademu wengi wa huku pia waliijulia hapo hapo, kwa muvi ya kuhamishiwa kwenye flashi, wakajifanya wanamjua tangu zamani. Tunawaona.

Halafu 2019. Hapa ndipo naomba uweke simu chini.

Mwana katoa albamu ya tatu akaiita Kiwanuka. Basi. Jina la ukoo, na picha aliyochorwa kwa rangi, kifalme. Huyu ni mtu ambaye alipoanza aliulizwa na watu wa muziki: haya, jina la kazi utajiita nani? Kwamba hili la kwenu litauzika kweli? Akabaki nalo. Lile jina lililowakwama Waingereza kooni akalifanya bango.

Sasa tuje kwetu, na usikasirike. Mtaani kuna Rwegasira. Jina zito, limenyooka, linasimama peke yake bila kuegemea ukuta. Rwegasira akipanda basi la Dar, akifika Kahama ni Rweggy. Akishuka stendi ya Magufuli ni Reggie. Kokushubira akianza chuo anakuwa Koku, muhula wa pili Coco, akifungua ukurasa wa kuuza wigi ni Coco Baby Tz. Mutashobya anayechana mashairi studio ya Muleba kajiita jina la bunduki. Bunduki, mwana! Mtoto wa katekista! Na akirudi kijijini Krismasi, bibi anamwita kwa jina lote, herufi zote, kwa sauti ya kuvuka bonde, mbele ya pisi aliyokuja nayo kutoka Mwanza. Aibu inamshuka mpaka kwenye raba za kukopa.

Na wakati huo huo huko London watu wanalipa pesa ndefu kupiga kelele "Ki-wa-nu-ka!" Wanalitafuna vibaya, lakini wanalipa.

Albamu ikabeba Mercury Prize 2020. Albamu zake tatu za kwanza zote ziliingia kwenye orodha ya wagombea, ya tatu ikasepa nayo, pamoja na pauni 25,000. Na hapana, tuzo haikupewa jina la Freddie Mercury wa Unguja. Wazanzibari tulieni, leo zamu yetu. Jina lilitoka kwa kampuni ya simu iliyodhamini mwanzoni. Kampuni ikafa, jina likabaki kwenye tuzo. Ulikuwa mwaka wa korona, hakukuwa na sherehe, kwa hiyo mwana katangazwa kwenye kipindi cha jioni cha BBC. Hakuna zulia jekundu, hakuna suti ya kukodi. Freshi tu.

Sasa laivu. Maana msanii ni laivu, nyingine zote ni ufundi wa kompyuta.

Wewe unajua shoo zetu zinavyokwenda. Msimu wa kahawa, kitaa kina hela, promota ananusa. Bango linasema saa mbili usiku. Saa nne kuna mtu anajaribu maiki: "Cheki, cheki, moja mbili." Mbili haifuatiwi na tatu mpaka saa sita. Umelipia VIP, na VIP ni kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe cha harusi, soda bei mara tatu, na mbele yako amesimama jamaa mrefu ambaye hakulipia chochote. Saa saba msanii anatua na miwani ya jua. Usiku. Ana flashi mfukoni. Wanachomeka, wimbo unapiga na sauti yake yote ndani, yeye anarukaruka, anashusha maiki kutuelekezea tuimbe, na sauti yake bado inaimba! Bila mdomo! Muujiza mtupu, na sadaka tumeshatoa mlangoni. Nyimbo nne, kavua shati, karusha taulo, kaingia kwenye Noah. Kesho mtaa mzima unasema "shoo ilikuwa moto". Moto gani? Umelipia kuangalia mtu akisikiliza nyimbo zake.

Na umeme ukikatika je? Hapo ndipo flashi inapovuliwa nguo.

Kiwanuka mchukulie bando la usiku umtazame. Tafuta Glastonbury 2024, ile Pyramid Stage, uwanja umejaa watu mpaka upeo wa macho. Mwana anasimama. Hakimbii, harukiruki, havui shati, hana madansa wala fataki. Ana gitaa, na nyuma ana bendi ya watu wanaojua kazi, na waitikiaji wanaoweza kukufanya umpigie simu mtu mliyeachana. Anaanza taratibu. Kwa dakika kadhaa unadhani hamna kitu. Halafu ngoma inapanda, besi inaingia, kiitikio kinarudi na kurudi, na unaona Mzungu mzima kafumba macho, machozi yanatoka, bia inamwagikia kiatu. Hakuna aliyewaambia "nyoosheni mikono juu". Mikono imejinyoosha.

Ila shoo ninayoihusudu mimi ni ile ya Alexandra Palace, 2022. Palace ni jumba kubwa la zamani juu ya kilima, linabeba watu kama 10,000, na kilima chenyewe kiko jirani kabisa na Muswell Hill. Mwana amekua akiliona lile jumba kila siku ya maisha yake. Halafu anaingia kama ndiye mwenye usiku. Tafsiri yake kwetu: dogo wa Kashai aliyekuwa anachungulia mechi za Kaitaba kupitia tundu la ukuta, anarudi, Kaitaba imejaa, na jina kwenye bango ni lile alilopewa na bibi yake. Ukiniambia hiyo haikusisimui nywele, nenda kwa daktari.

Kuna mshamba atasema, "Aah, hizo gitaa ni muziki wa wazee." Wewe, gitaa halijazeeka. Waliozeeka ni wazee. Mzee wako anasikiliza rumba kwa sababu hajui kubadilisha stesheni. Wewe unasikiliza Kiwanuka kwa sababu umechagua, na ukivaa hedifoni kubwa mbele ya duka la vocha pale stendi ya Muleba, kila anayepita anajua unasikiliza kitu ambacho hakijui. Hiyo ndiyo raha yenyewe, tusidanganyane.

Mwingine atasema "mambo ya Uganda hayo". Sikia huyu! Kagera miaka na miaka umeme tulivutiwa waya kutoka Uganda. Friji la mama yako lilipoza juisi kwa umeme wa Uganda. Simu yako ya kwanza ilichajiwa Uganda bila wewe kwenda Uganda. Kampala kwetu ni karibu kuliko Dar, nusu ya nyimbo za utoto wetu zilikuwa za Kiganda, Chameleone tumemwimba kabla ya kujua kusoma. Umeme tuchukue, ndizi tufanane, halafu kwenye soul ndiyo tujitie Watanzania wa ndani kabisa? Acha hizo.

Na kabla hujaniambia soul ni ya London: Saida Karoli. Tena amezaliwa huku huku Bukoba vijijini. 2001 katoka na Maria Salome, ngoma na sauti, Kihaya kwa wingi, na Tanzania nzima ikaimba hata pale isipoelewa. Hakubadilisha lugha ili apendwe. Hakujiita Saidah Kay. Wajanja wa mjini wakati ule walimwona wa kijijini, mpaka 2016 Diamond na Rayvanny walipoichukua, wakaifanya Salome, na ghafla wajanja wale wale wakawa wanakata kiuno kwa midundo ya shamba. Siku ngoma ya Diamond ilipotoka niliipiga sebuleni kwa mbwembwe zote, kama mimi ndiye niliyeileta nchini. Maza hakugeuka hata kidogo. Kaendelea kumenya ndizi, kaimba ubeti wote wa Saida mpaka mwisho, kwa Kihaya, kisha kanituma chumvi. Hapo tu ndipo wazee walipotupiga bao. Usiwaambie, watavimba.

Novemba 2024 mwana kaachia nyingine, Small Changes. Imepoa zaidi, wenye haraka wanasema imelala. Mimi nasema ipigie usiku, mvua ya Bukoba juu ya bati, taa zimezimwa ili bili isipande. Kuna watu wanasafiri kwenda nchi za watu kutafuta utulivu wa aina hiyo, sisi tunaupata kwa buku mbili ya bando na bati lililochakaa.

Kwa hiyo mpango uko hivi. London sahau. Viza, tiketi ya ndege, maswali ya kwa nini unataka kurudi kwenu: ukimaliza kulipa vyote umeuza shamba la kahawa la babu, na babu bado hajafa. Tunamsubiri Kampala. Siku bango likitoka tu, basi la alfajiri kutoka Bukoba. Hati ya kusafiria mkononi, kadi ya njano usiisahau, kuna wana wamerudishwa Mutukula wakiwa wameshavaa nguo za shoo. Pale pale mpakani tunabadilisha hela, unapewa bunda la shilingi za Uganda, unajiona bosi mpaka uulize bei ya kitu cha kwanza. Kyotera, Masaka, pale Lukaya kuku wa kuchoma na gonja kupitia dirishani. Kayabwe tunapiga picha kwenye mstari wa ikweta, ya haraka, kwa simu yetu, maana ukiingia tu kwenye vile vibanda vya vinyago hela ya tiketi imekwisha.

Hoteli hamna. Shoo ikiisha tunakesha stendi, basi la kwanza tunarudi nalo. Rweggy anakuja, ila kwenye orodha ya abiria nimemwandika Rwegasira, jina lote, na asiponilipa nauli yangu kabla ya Kyaka nitamwita kwa sauti ya bibi yake.